Mlipuko wa gesi sokoni Rumonge

Mimi hii habari sipendi kuisimulia mbele ya watu wa Rumonge, maana wengi wao walikimbia kwa sababu yangu, tena mwaka ule wa mauaji ya Burundi, 1972, watu wamezika watu wao na wengine hawakupata hata cha kuzika.

Nilikuwa fundi wa kuunga vyuma, karakana yangu iko nyuma ya soko. Asubuhi moja akaja Mama Yustina, mwanamke wa kutoka upande wa Kongo anayepika mawese, yeye na binti yake ndiyo kwanza wametoka kujificha msituni Kigwena. Alileta pipa lililokatwa nusu, kingo zake zinamchana mikono.

"Fundi, nilainishie hapa tu, nakungojea sokoni."

Kazi yenyewe ni kupitisha moto wa shalumo (ile bomba ya kuchomea) polepole juu ya ukingo mpaka chuma kiyeyuke kidogo na kuwa laini. Lakini moto ulikuwa dhaifu, unakohoakohoa, na mimi nilijua tangi la gesi limejaa tope jeupe la kabidi (yale mawe yanayotoa gesi yakilowa maji), linataka kuoshwa, ila nikaona uvivu, nikachukua msumari nikapanua tundu la mdomo wa shalumo, nikidhani gesi itapita vizuri (kumbe tundu likiwa kubwa gesi inapungua mwendo, na moto unageuka kurudi ndani).

Ukarudi. Tangi likapasuka kwa mlio ambao mji mzima uliufahamu vibaya, wakadhani ni bomu.

Nilipotoka nje, nyusi zimeungua, suruali imechanika nyuma, mwili wote mweupe kwa tope, soko lilikuwa linakimbia. Wamama wanakanyaga ndagala, dagaa wao wa kuuza, wengine wanaita watoto. Nikapiga kelele, "Ni gesi! Ni gesi tu!" Nani anisikie, na waliogeuka kunitazama wakazidi kukimbia.

Wasoda wakafika, askari wa serikali wenye bunduki.

"Nani amepiga?"

"Ni mimi, shefu, lakini iko gesi."

Wakanilaza kifudifudi, mmoja akaingia ndani, akatoka na bati la tangi lililopasuka. Nikaeleza habari ya tundu na msumari huku mdomo uko kwenye mchanga. Hakuna aliyecheka. Mkubwa wao akasema, "Simama. Pita soko lote uwaambie ni wewe."

Nikapita, makalio nje, nikitangaza ujinga wangu kwa meza tupu na vizee wawili walioshindwa kukimbia. Mmoja akaniambia taratibu, "Mama Yustina na binti yake wamepanda pirogi, mtumbwi wa kuvuka ziwa. Hawarudi tena, mwanangu."

Na kweli hawakurudi. Pipa lile nililimaliza kwa tupa, kwa mkono, likakaa kwangu mpaka likaota kutu.

Tangu hapo moto ukidhoofika nazima, naosha tangi, siongezi tundu. Na kabla ya kugonga chuma chochote natoka kwanza mlangoni, nawaambia majirani mmoja mmoja kwamba ni mimi, nataka kugonga.