Mamlaka Yangu Yaliishia Lodwar

Siku yangu ya kwanza kwenye lango la makao ya wilaya, Lodwar, mwaka wa 2012, niliapishwa kabla hata ya kuonyeshwa pa kukaa. Ninyi mnaoingia kazi hii leo mnavishwa sare, mnasimamishwa langoni, mnadhani sare ndiyo kazi. Mlinzi wa majengo ya serikali asiye na cheti cha mamlaka ni raia aliyevaa buti, basi. Nilikuwa nimelinda maduka Kitale miaka na miaka, kichwa kimeshaota mvi, lakini asubuhi ile nilisimama mbele ya hakimu, nikainua Biblia, nikakabidhiwa cheti chenyewe, kadi ngumu yenye picha yangu, mhuri, na jina la jengo. Machozi yalinitoka. Sioni haya kusema.

Jina la jengo ndilo nataka mlishike. Ndani ya ua wa jengo lililotajwa kwenye cheti, niliweza kumsimamisha mtu, kumpekua, kumwondolea silaha, na kumzuia hadi polisi wafike. Nje ya ua huo nilikuwa kama raia mwingine yeyote.

Kazi yenyewe nilifundishwa na Ekai, mlinzi mwenzangu, mwenyeji wa Lokiriama. Wazee wa Kiturkana waliokuja kumwona Mkuu wa Wilaya walivaa abarait, kile kisu cha duara kinachozunguka kifundo cha mkono, makali yake yamefunikwa kwa ngozi. Sheria ilitaka silaha ibaki langoni. Wenzangu waliotoka sehemu nyingine za nchi waliwavuta wazee mikono, na kila siku kukawa na zogo. Ekai alinivuta kando.

"Ukishika yeye mkono, atafikiria unataka vita," aliniambia. "Salimia kwanza. Uliza mbuzi, uliza mvua. Atatoa mwenyewe."

Nikafanya hivyo. Ejok, mzee, namsalimu kwa Kiturkana. Mifugo je? Mzee anajibu, anakaa kidogo, kisha anavua kisu mwenyewe na kunikabidhi. Hakuna aliyewahi kunikatalia, na kazi ile niliipenda.

Mwanzoni mwa 2013 Mkuu wa Ulinzi aliniita ofisini. Huyu ndiye aliyetusimamia walinzi wote wa eneo lile, mtu wa shati lililopigwa pasi hata jua liwe kali namna gani.

"Kakuma hakuna watu," akasema. "Kesho wewe na Ekai mnaripoti huko. Mtalinda ofisi ya serikali na zahanati iliyo ndani ya ua huo."

"Na vyeti, bwana mkubwa? Vyetu vinataja Lodwar."

"Wewe mzee, wewe! Nenda kwanza, cheti itafuata. Huoni serikali inabadilika? Kaunti inakuja, hata mimi sijui kesho nitaitwa nani."

Basi tukaenda. Kila alipokuja kutukagua nilimwuliza, na kila mara cheti kilikuwa mezani kwa mtu fulani. Mara ya mwisho alinijibu kwa hasira: "Kwani langoni umesimama na cheti au na miguu?" Walinzi aliofuatana nao wakacheka. Nilikuwa nimebakiza muda mfupi tu nistaafu kwa heshima, nikaacha kuuliza.

Katika zahanati ile kulikuwa na friji moja ya chanjo, ya kutumia jua. Akina mama wa mjini na wa manyatta walikuja alfajiri na watoto mgongoni, na Sista, muuguzi pekee tuliyekuwa naye, aliitunza friji ile kwa hofu. Ikizimika, chanjo zote zinaharibika. Alikuwa akitukataza hata kuegemea ukuta uliokuwa karibu nayo.

Mchana mmoja, Sista akiwa Lodwar kwenye semina, pikapu ilitoka nyuma ya zahanati ikielekea langoni, mzigo umefunikwa turubai. Dereva alikuwa mfanyabiashara wa soda pale sokoni. Mji mzima ulijua ni shemeji wa mtu mkubwa Lodwar. Nilimwomba kibali cha kutoa mali ya serikali.

"Mzee, hii ni mambo ya wakubwa," akasema huku akicheka. "Fungua geti."

Ekai akainua turubai. "Mzee! Ni friji ya watoto!"

Lo! Damu ilinichemka. Nilimpigia Mkuu wa Ulinzi simu pale pale, Ekai akisikia. "Mshikilie!" akaniambia. "Asitoke huyo! Nakutegemea, mzee wangu." Nikafunga lango. Tukamkalisha yule bwana barazani, tukampa maji ya kunywa, polisi wakaja wakamchukua yeye na friji. Jioni ile nilitembea Kakuma kifua mbele. Mjinga mimi.

Kesi ilisikizwa Lodwar. Wakili wa yule mfanyabiashara hakugusa habari ya wizi hata kidogo. Aliniuliza jambo moja: "Cheti chako kinataja jengo gani?" Nikasema Lodwar. Akamgeukia hakimu akasema kwamba aliyemsimamisha mteja wake na kupekua gari lake alikuwa mtu wa kawaida tu langoni, aliyejitwalia kazi ya serikali.

Ndipo Mkuu wa Ulinzi akaitwa. Nilijua atanitoa shimoni.

"Sikumtuma kumkamata mtu," alisema. "Simu sikumbuki. Huyu mzee alikuwa anajua sheria, na alikaidi."

"Ee Akuj!" Ekai alisema kwa sauti, akitaja Mungu kwa Kiturkana, na karani akamnyamazisha.

Alinikana mchana kweupe, na hakuniangalia. Kesi ikatupwa. Yule bwana akadai friji aliuziwa kama chombo chakavu, akaondoka nayo, na hakuna mkubwa aliyeinua mdomo. Ekai walimpa onyo. Mimi nilistaafishwa kwa manufaa ya umma. Hayo ndiyo maneno yao: manufaa ya umma! Umma wenyewe ulikuwa unapanda bodaboda hadi hospitali ya kambi ya wakimbizi kutafuta chanjo, wasio na nauli wakatembea, na kuna waliochoka wakarudi nyumbani. Pale sokoni zikaanza kuuzwa soda baridi. Nina uchungu hadi leo, na msiniambie nisamehe.

Baadaye, waliorithi ofisi ya Mkuu wa Ulinzi walinialika nizungumze na walinzi wapya. Nilikwenda, kwa sababu kazi ile bado iko mwilini mwangu. Niliwaeleza habari ya ua na kiapo, halafu nikawapa wosia: ukihamishwa bila cheti kipya, usimsimamishe mtu, usifunue mzigo, hata mkubwa akikupigia kelele kwa simu. Kaa kando uangalie.

Msichana mmoja wa mstari wa mbele, anaitwa Akiru, akainua mkono.

"Na kama ni friji ya chanjo wanabeba, Baba?"

Nilimtazama Akiru.

"Wafungulie lango," nikamwambia.

Akaandika maneno hayo.