Harufu ya Kabaidi Ukweni

Nilipokwenda kuposa Temeke, nilijitambulisha kuwa fundi wa kukata vyuma kwa moto. Kusema kweli, moto wenyewe niliushika kwa nadra. Kwenye karakana ya Mhindi mmoja pale Kipawa, tulikokuwa tukikatakata malori mabovu yaliyobaki baada ya vita, mimi nilikuwa mtu wa pipa la gesi. Nalitia maji, natia mawe ya kijivu tuliyoyaita kabaidi, gesi inatoka na kupita kwenye mpira hadi kwa fundi mwenye tochi ya kukatia chuma. Pipa lilikuwa zee na kaidi. Kila jioni nililipaka povu la sabuni, na palipotoa vipovu ndipo palipovuja, nikapaziba. Kisha nilikomba tope jeupe lililobaki ndani, tena kwa kipande cha mti, maana chuma kikigonga chuma na cheche ikaruka, posa yangu ingeishia makaburini.

Tope lile ni chokaa. Basi baba wa binti, mchonga vinyago kutoka kusini, aliposema harusi itakuwa nyumbani kwake ila kuta zinamtia aibu, ulimi wangu ukanitangulia.

"Mzee, chokaa niachie mie."

Tope hilo lilitakiwa kulala shimoni siku nyingi mpaka liishe nguvu. Mimi, kwa haraka ya kuoa, nililibeba bichi nikapaka nyumba nzima. Ikang'aa. Halafu ikanuka kitunguu saumu kilichooza, sebuleni, vyumbani, hata kwenye vinyago. Mzee alisimama mlangoni kaziba pua.

"Kijana, binti yangu simwozeshi ndani ya harufu hii. Ikiisha, tutazungumza."

Nilimpenda yule binti hata nikawa nasahau kula, na harusi nimeiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Tangu hapo, kila nikitoka kazini nilipanda baiskeli moja kwa moja hadi Temeke kukagua kuta. Nanusa sebuleni: ipo. Nanusa ukumbini: ipo. Mzee naye ananusa, anatikisa kichwa. Nikafukiza udi, nikapaka chokaa ya dukani juu ya ile yangu. Ipo tu. Nikaanza hata kujivuna kidogo, kwamba mimi ndiye niliyetengeneza harufu isiyokufa.

Mwishowe mshenga wangu akaniletea ujumbe: nisikanyage tena pale. Nikajua yamekwisha. Nililia karakanani, nikasingizia moshi, ingawa lile pipa halitoi moshi na kila mtu alijua.

Majuma yakapita. Mshenga akaja tena, safari hii kashindwa kuzuia kicheko. Kumbe binti ndiye aliyetaka nisije, ili ahakikishe jambo. Nilipokaa mbali, nyumba haikunuka hata kidogo. Kuta zilishapona zamani. Harufu nilikuwa naileta mwenyewe kila jioni, nguoni na nyweleni, kisha naitafuta ukutani.

Nikauliza kwa sauti ndogo mzee kasemaje alipojua.

"Kasema bora atafutwe mume mwingine, maana ukuta unapakwa upya, mtu je?" akajibu mshenga. "Ndipo binti akamwambia mbele yetu sote: 'Baba, nyumba yako hainuki tena. Huyo anayenuka nitaishi naye mie.'"