Mgongo wa Mzee wa Maiki

Mtaani walimwita Mama Mabango, naye hakununa. Ukumbi wa mikutano uliacha kuagiza mikoba mipya ng'ambo. Mabango ya mkutano uliokwisha, na ya miaka ya nyuma yaliyolala stoo, yaliletwa kwake, akayakata na kuwashonea mikoba wageni wa mkutano ujao. Eti kupunguza taka. "Wanapanda ndege kuja kulaani moshi wa ndege," alicheka, "lakini angalau mkoba wangu hautupwi."

Kilichomchoma moyo ni kimoja. Marehemu mumewe, Mzee wa Maiki, ndiye aliyekuwa akiwapitishia wajumbe maiki ukumbini humo. Mtu mpole huyo: akimkuta mkewe anashona, hakumkatisha, alisimama nyuma yake kimya mpaka uzi uishe. Alifariki mimba ya binti yao ikiwa changa, kisha nyumba ikaungua na picha zote. Sasa binti yuko darasa la tatu, na wenzake wakimuuliza baba yake yukoje, hana la kusema. Ndiyo maana Mama Mabango hakutia mkasi kabla ya kuzipekua picha za wajumbe zilizochapwa kwenye mabango, akiutafuta uso ule.

Alimpata kwenye bango la zamani, ila mgongo tu, maiki mkononi. Haya, mgongo nao si haba. Bango lililofuata, mgongo tena, karibu zaidi. La tatu likamtia baridi: lilikuwa la mwaka jana! Mtu aliyezikwa kabla binti hajazaliwa alikuwa amesimama kati ya viti, bega lile lile lililoinama, shati lile alilomshonea yeye mwenyewe, na shavu limeanza kuonekana. Hakumwambia mtu. Nani angemwamini?

Leo mchana limeletwa la mwezi uliopita. Alilikunjua mbio. Viti, wajumbe, skrini za wale wasiosafiri siku hizi, wanaohudhuria kwa mtandao. Mzee wa Maiki hayumo. Hata mgongo, jamani! Alilia mpaka kwikwi ikamshika, kisha akaketi kwenye cherehani, maana kazi haingoji.

Uzi ukaisha. Cherehani ikanyamaza. Binti, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na begi la shule, alisimama mlangoni, akatazama nyuma ya bega la mama yake, akatabasamu.

"Shikamoo," akasema.

Nywele zilimsimama Mama Mabango. Shingo ilikataa kugeuka.

"Mwanangu," akanong'ona, "yukoje?"

"Kama mimi, mama."