Siku Niliyoagwa Kwenda Bunge la Nchi Isiyo Yangu

Kwetu Mtoni walishasema sitafika popote, na siku moja niliwapa sababu ya kulirudia neno hilo mbele ya kipaza sauti. Naisimulia aibu hii mwenyewe kabla hamjaisikia kwa wengine, maana wengine wanaongeza chumvi na haihitaji.

Aliyeongoza kusema ni Mzee Salim wa duka la kona. Nilipofeli kidato cha nne alimwambia mama yangu, mimi nipo, huku anapima sukari: "Huyu akienda mbali sana ni Kiwalani, na atarudi kwa miguu." Mie nikaenda Afrika Magharibi, nikakaa huko miaka mingi, nikajifunza Kifaransa barabarani na useremala darasani, nikarudi na diploma ya usanifu wa samani (iko ukutani karakanani kwangu Keko, kwenye fremu niliyoichonga mwenyewe, karibuni muione), na leo makochi yangu yamo kwenye sebule za watu ambao zamani wasingenikaribisha hata kigoda. Sikushikwa mkono na mjomba wala shangazi. Kwa hiyo mkiona najisifu, vumilieni, nimelipia kwa jasho.

Sasa, kule nilikokuwa wanajeshi wakapindua serikali. Rais akawekwa kizuizini, Bunge likavunjwa, na jemadari mmoja akatangaza kuwa litaundwa Bunge la Mpito, ambalo halipigiwi kura: kila kundi linapeleka jina, wakubwa wa jeshi wanaliidhinisha, imekwisha. Machifu wana kiti, wafanyabiashara wana kiti, wanajeshi wenyewe wana viti vya kutosha, na raia wao wanaoishi huku kwetu Afrika Mashariki wakapewa kiti kimoja. Kundi likichelewa kupeleka jina, kiti chake anakalia mwanajeshi.

Raia wao walioko Dar si wengi, na walinifahamu vizuri (nikisikia Kifaransa chao sokoni siwezi kupita kimya, lazima nijibu kitu watu wageuke). Wakaniomba wafanyie mkutano karakanani kwangu na mie niwe mwenyekiti. Sababu waliitaja wazi: mie si raia wao, kiti hakinihusu, sitampendelea mtu. Naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu mie nililisahau.

Waliokitaka kiti walikuwa wawili. Haji Seku, muuza vitenge kwa jumla, alisema inafaa aende mtu mzima mwenye heshima zake, yaani yeye. Mama Fanta, msusi, alikuwa na jambo moja tu. Kaka yake, karani wa lile Bunge lililovunjwa, alichukuliwa usiku wa mapinduzi na hajasikika tangu hapo. Mbunge, hata wa kuteuliwa, anaweza kugonga mlango wa gereza na kuuliza.

"Bunge si mahali pa kupeleka machozi ya nyumbani kwako," Haji akamwambia.

"Na wewe unapeleka nini, kitambi?"

Wakaendelea hivyo mpaka gundi yangu ikakauka kwenye kopo. Mjumbe wa serikali ile mpya, ambaye alikuwa anawasiliana na mie kama mwenyekiti, akapiga simu anataka jina kabla ya jioni. Ndipo nikatoa wazo. Nikawaambia, jamani, pale bombani kwetu Mtoni mtu akiwa na shughuli anaacha ndoo yake kwenye foleni, nafasi haipotei, akirudi anasogea nayo. Pelekeni jina langu liwe ndoo. Mkishapatana mnaitoa, anaingia mwenyewe. Wakacheka, wakaona ni akili. Mie pia niliona ni akili, nikaitazama diploma yangu ukutani kwa upendo.

Tulidhani itachukua muda. Kesho yake kapteni mwenye miwani myeusi akasoma majina kwenye televisheni yao, na la kwangu likasomwa lote, la baba na la babu, na kabla ya chakula cha jioni kipande hicho cha video kilikuwa kwenye kila simu ya Mtoni. Nilipopita dukani Mzee Salim akatoka nje. Mzee huyu alikuwa ananiita "wewe" tangu nazaliwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mheshimiwa," akasema, na akanipa mkono.

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Maneno yenyewe yalikuwa machache, kwamba mie ni ndoo tu. Nilitabasamu kama mtu aliyezoea kuitwa hivyo.

Mama Fanta akanipigia. "Mwenyekiti, mpigie mjumbe umwambie."

"Kesho, dada."

"Kaka yangu hana kesho nyingi."

Kesho ikaja, nikasema tena kesho. Sikutulia. Naanza kupiga randa mguu wa meza naacha, natoka mlangoni narudi, naikuta simu naifudikiza, nikilala naamka kabla sijalala. Huku Mzee Salim keshaunda kamati ya kuniaga, mwenyekiti yeye mwenyewe, na Mtoni nzima inaniazima vitu. Yeye alitoa suti ya harusi ya mwanawe. Shemeji yangu alitoa viatu, vinanibana, lakini vinang'aa. Jirani yangu Mwalimu Kileo alitoa begi lake la magurudumu, lile alilonunua ili siku akistaafu asafiri nalo. Nilijiambia mjumbe akija kunichukua nitamvuta pembeni, tutamaliza kiume, nani atajua.

Mjumbe akaja, ila akaletwa kwenye sherehe, kwa sababu Mzee Salim alimtafuta kupitia kwa Haji Seku ili awe mgeni rasmi. Nikamkuta keshakaa meza kuu chini ya turubai, mbele yake keki yenye jina langu. Raia wao walikuwa safu ya pili, Mama Fanta pembeni, hakula kitu. Mshehereshaji akaninyanyua, vigelegele vikapigwa, mjumbe akanipongeza kwa Kifaransa kisha akanyoosha mkono aone paspoti yangu, taratibu tu, tiketi ikatwe. Nikampa. Ningempa nini kingine?

Akaifungua. Akaifunga akatazama jalada. Akaifungua tena, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa maneno ambayo safu ya pili yote iliyasikia.

"Mheshimiwa, tutafsirie," mshehereshaji akasema, na akaniwekea kipaza sauti mdomoni.

Nikakohoa. "Anasema... anawashukuru sana kwa mapokezi. Na pilau."

Watu wakapiga makofi. Mama Fanta akasimama, na Kiswahili chake si cha kubahatisha, amesuka vichwa vya Temeke muda mrefu. "Hakusema hivyo. Tafsiri vizuri, mwenyekiti."

Makofi yakafa. Mama yangu alikuwa mbele, amevaa sare ya siku hiyo. Nikatafsiri. "Anasema mtu huyu si raia wetu, ni Mtanzania. Anauliza ni nani amemleta." Mtu mmoja nyuma akacheka, akakatishwa, kisha wakacheka wote. Mjumbe akaongea tena, na mie, jasho linaingia kwenye suti ya watu, nikatafsiri na hilo: apewe jina sasa hivi, asipopewa kiti ni cha mwanajeshi.

Kila mtu akamgeukia Haji Seku. Alikaa ameinamisha kofia.

"Haji, si useme," Mzee Salim akamwambia, "pilau inapoa."

"Niseme nini?" akasema Haji. "Nilikataa asiende dada yangu, nikampeleka fundi makochi. Aende Fanta."

Sherehe haikuvunjika, watu walishachanga. Mshehereshaji akabadilisha jina tu, akaendelea. Kwenye keki walianza kukata pale palipoandikwa langu. Mama Fanta aliondoka na begi la Mwalimu Kileo, maana la kwake halikuwa na zipu, na Mzee Salim akaninong'oneza: "Usilimwagie soda hilo koti."

Asubuhi nikaanza kurudisha. Suti imefuliwa, viatu vimepigwa rangi, nyumba hadi nyumba, na kila kibaraza wananiuliza ndoo imepata maji? Likabaki begi. Mwalimu Kileo hakunigombeza, aliniuliza tu kila tukikutana: "Mheshimiwa wangu yuko wapi na safari yangu?" Ilikuwa mbaya kuliko kugombezwa.

Mpaka msafiri mmoja aliyetoka kule akalileta karakanani. Ndani mna kitenge, zawadi ya mke wa mwalimu, na kwenye simu yangu sauti ya Mama Fanta: ameingia gerezani, amemwona kaka yake, amekonda, amenyolewa, yu hai, na Ijumaa wanaruhusiwa kumpelekea chakula. Niliisikiliza mara kadhaa nikiwa nimesimama.

Nimeapa, jina langu halitashika tena nafasi ya mtu, hata kwenye foleni ya maji. Siku ile nililivuta begi kutoka Keko mpaka Mtoni katikati ya mchana, magurudumu yakipiga kelele, ili kila mtu aone kuwa deni la mwisho limerudi. Mzee Salim alikuwa mlangoni kwake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kumbe ulisafiri?"

"Natoka Keko tu, mzee."

Akalitazama begi, akavitazama viatu vyangu vilivyojaa vumbi. "Kwa miguu?"

"Kwa miguu," nikasema.