Zdravka Akataa kwa Kichwa

Zdravka alikuwa amepima kasi ya mtandao kwa miaka kumi na tisa katika kampuni moja ya Plovdiv, Bulgaria, na hakuna namba iliyowahi kumtia kinyaa kama ile: gigabiti tisa kwa sekunde.

Bosi wake, Ognyan, aliipata kwa kupima kwa pakiti za data zilizo kubwa kuliko zote. Mashine pepe, yaani kompyuta zinazoigizwa ndani ya kompyuta moja, zikirushiana pakiti kubwa, kasi hupaa. Zikirushiana ndogondogo, kila moja hudai kushughulikiwa peke yake, na kasi huporomoka hadi moja na nusu. Ni kuhamisha ngano kwa gunia au kwa kikombe. Na mteja ni hospitali ya Graz, Austria, ambayo vifaa vyake vya kufuatilia mioyo ya wagonjwa hutuma vikombe tu, mchana kutwa.

"Namba inapendeza, dada. Waiharibia nini?" Ognyan alisema huku akitafuna banitsa, andazi la jibini, mafuta yakimchuruzika kidevuni.

"Na ile ya pakiti ndogo iko ukurasa gani wa ripoti?"

"Hawajauliza."

"Mbona hukufungua bucha wewe! Ungeuza mifupa, mteja hajauliza nyama."

Mjumbe wa hospitali, Bwana Leitner, alipofika, Ognyan aliisifu ripoti mpaka jasho likamtoka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hatimaye mgeni akamgeukia Zdravka.

"Mama, na kwa vifaa vyetu kasi itakuwa hii hii?"

Zdravka akainua kichwa juu mara moja. Maana yake hapana, na hata mtoto wa Plovdiv angeelewa. Lakini Leitner akatabasamu, akaandika. Kwao kichwa kikienda hivyo ni ndiyo.

Ognyan akameza kicheko. "Umejibu, dada," akamnong'oneza. "Basi tulia."

Kilichomchefua zaidi ni kwamba alitulia kweli. Alishasema hapana, kosa la nani tena? Katika unafuu ule akajiona ananuka mafuta yaleyale ya banitsa.

"Bwana Leitner, futa," akasema kwa sauti. "Nimekataa. Huku kwetu, kichwa kikiinuka hivyo ni hapana."

Akavuta kibodi, akapunguza pakiti, akaanzisha jaribio mbele ya macho ya mgeni. Namba ikashuka: saba, nne, moja na nusu. Leitner akaiweka kalamu chini.

"Umetuua, dada," Ognyan akasema.

"Afadhali sisi," Zdravka akajibu.