Kitabu Chenye Jalada la Gazeti

Wenzangu mliosoma shule ya msingi hapa Mwanza miaka ile ya tisini, foleni za sukari zilipokwisha na mitumba ikaanza kumwagwa chini kwa marobota, mtanisahihisha pale nitakapokosea. Enzi zetu hizo daftari halikwenda shuleni uchi. Mzazi mwenye uwezo alinunua karatasi ya kaki, lakini wengi wetu tulikata gazeti kuukuu, tukakunja pembe zake nne, tukalibandika kwa uji mzito wa muhogo, kisha tukaandika jina letu juu ya picha ya kiongozi fulani anayekata utepe. Nawaeleza vijana wa leo jambo hili polepole, maana madaftari yao huja na picha za wacheza mpira, na likichanika la kwanza hupewa la pili kabla hawajamaliza kulia.

Vitabu vya shule navyo tulivivisha magazeti, tena kwa amri ya mwalimu. Gazeti lilikinga jalada lisichafuke kwa mafuta ya samaki. Na kweli mikono yetu ilikuwa ya samaki. Viwanda vilikuwa vimeanza kukata minofu ya sangara na kuipeleka Ulaya, na sisi huku Mabatini tukabakiwa na mapanki, ile mifupa yenye kichwa na nyama kidogo ya kubahatisha. Mama alikuwa akiyakaanga mpaka mifupa ikatafunika. Asubuhi tulikula michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga, tukabeba fagio na dumu la maji, tukapanda kilima kwenda shule. Jioni tulicheza rede mpaka mama aite mara tatu. Mara ya tatu ilikuwa ya hatari.

Rafiki yangu aliitwa Kabula. Alikuwa amenizidi mwaka mmoja kwa umri na miaka kumi kwa kusoma. Sisi wengine tulisoma kama watu wanaovuka mto kwa kuruka mawe. Yeye alisoma kama anayeongea. Ndiyo maana mwalimu mkuu alimruhusu kuazima kwenye sanduku la vitabu vya hadithi. Lilikuwa sanduku la mbao, ofisini kwake, lenye vitabu labda arobaini vilivyobaki tangu zamani, kila kimoja na namba yake. Vipya havikuletwa tena. Sheria ilikuwa moja: aliyesaini ndiye mwenye kitabu, na haruhusiwi kumpa mwingine hata kwa saa moja.

Kila Jumamosi Kabula alisaini kitabu kimoja, tukaenda nacho kwenye jiwe kubwa bapa nyuma ya nyumba yao, mahali mama yake alipoanika muhogo. Kazi yetu ilikuwa kufukuza mbuzi. Kazi yetu ya kweli ilikuwa kusoma. Alisoma yeye ukurasa mmoja, nikasoma mimi mmoja, naye hakunionea huruma.

"Hapo kuna koma, Nyamizi. Unapita kwenye koma kama mbuzi kwenye matembele."

"Sijaiona."

"Hata mbuzi husema hivyo hivyo."

Mwaka ule tulipokuwa darasa la sita tulikipata kitabu namba kumi na saba. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwalimu, ndipo nilipoelewa kwa nini kilitushika vile, na naomba mnivumilie nieleze. Vipo vitabu vya utoto ambavyo ndani yake watoto hutoroka, huiba miwa, hukimbizwa na nyuki, na jioni hurudi nyumbani wakala ugali wao kama kawaida. Vipo vingine ambavyo ndani yake mtoto hutoka nyumbani asubuhi akiwa mtoto, akirudi si mtoto tena, hata kama mlango ni uleule na ugali ni uleule. Namba kumi na saba kilianza kama vile vya kwanza. Msichana na kaka zake wawili walipanda ndama kwa zamu, wakaangukia kwenye tope, nasi tukacheka mpaka mbuzi wakala muhogo. Lakini katikati mama yao aliugua. Jumamosi ile tuliishia pale yule msichana aliposimama nje ya mlango, wazee wanazungumza ndani, naye ameambiwa asubiri.

Kabula alifunga kitabu. "Tutamalizia wiki ijayo."

"Wiki ijayo? Na mama yake?"

"Atakusubiri."

Hakusema kwa utani. Wiki hiyo baba yake alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, pale walipokuwa wakifuma nguo. Miaka ile neno "kupunguzwa" liliingia kila nyumba kama mgeni asiyeaga. Baba yake alikuwa ameamua warudi kwao, ng'ambo ya ziwa, Sengerema, wakalime. Kabula alitakiwa kupata barua ya uhamisho ili aingie darasa la saba huko. Bila barua hiyo shule nyingine haikumpokea mtu, na bila darasa la saba hapakuwa na mtihani, na bila mtihani hapakuwa na sekondari. Kabula alitaka kuwa mwalimu. Aliniambia hivyo mara nyingi, akinionyesha jinsi atakavyoshika chaki.

Nilimsihi aniachie kitabu siku mbili tu. Alikataa. Nikamsihi tena, nikamwambia kwamba akiondoka kabla hatujamaliza sitajua kamwe mama wa yule msichana alipona au hakupona. Akaangalia huku na huku, akanipa. "Jumatatu asubuhi, Nyamizi. Kabla ya kengele."

Sasa niwaeleze habari za Bibi. Bibi yangu, mama yake mama, aliishi nasi na alikuwa akikaanga karanga na kwenda kuziuza stendi. Kila mchana aliketi mkekani akasokota vikaratasi vya kufungia, na kila gazeti lililoingia nyumbani lilikuwa haki yake. Bibi hakujua kusoma. Kwake yeye karatasi ilikuwa nene au nyembamba, basi. Jumapili nilisoma kurasa tatu, nikatumwa maji, nikakiweka kitabu juu ya kabati.

Niliporudi kutoka kisimani Bibi alikuwa ameshaondoka na beseni lake. Chini ya mkeka nilikuta uti wa kitabu na nyuzi zake, na vipande viwili vya karatasi visivyotosha kufunga hata karanga tano.

Alirudi kabla jua halijazama, beseni tupu, uso unameremeta.

"Bibi, juu ya kabati kulikuwa na kitabu."

"Kitabu gani, mayu? Mimi nimekuta gazeti."

"Gazeti lilikuwa nje. Ndani kilikuwa kitabu."

"Basi si gazeti?" Akanitazama, akaona sicheki. "Karatasi yake ilikuwa nzuri, nene, haipitishi chumvi. Kilikuwa cha nani?"

"Changu," nikasema. "Cha zamani."

Sikutaka Bibi aumie, ndivyo nilivyojiambia. Mtoto huwa na sababu nzuri kwa kila uongo, na mtu mzima pia. Asubuhi yake Kabula alinisubiri getini, mkono umenyooshwa.

"Nimekirudisha sandukuni," nikamwambia. "Nilikuta ofisi iko wazi."

"Mwalimu hakukuona?"

"Hakuniona."

Akashusha pumzi, akanishukuru. Nakumbuka kwamba alinishukuru.

Ijumaa baba yake alikuja kuchukua barua. Alivaa ovaroli ya kiwandani, imefuliwa na kupigwa pasi, maana ndiyo ilikuwa nguo yake bora. Kabula aliniomba nimsindikize mpaka mlangoni mwa ofisi. Mwalimu mkuu alipokea shikamoo zetu, akafungua daftari la vitabu, akashusha kidole.

"Kabula. Namba kumi na saba."

"Kimerudishwa sandukuni, mwalimu."

"Sikioni hapa. Nani alikirudisha?"

Kabula aligeuka akanitazama. Nilikuwa nimesimama kizingitini, hatua nne hivi kutoka kwake. Nikaangalia vidole vya miguu yangu.

"Mimi, mwalimu," akasema.

"Basi kilete."

Akapiga magoti mbele ya sanduku akaanza kutoa vitabu kimoja kimoja. Nami nikapiga magoti kando yake nikamsaidia kutafuta. Hilo ndilo ambalo mpaka leo sijaweza kulisema mbele za watu bila kusimama kidogo. Nilimsaidia kutafuta. Nilitikisa vitabu, nikachungulia chini ya sanduku, nikasema, "Huku hakipo, labda huko kwako."

Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. "Mzee," alimwambia baba yake Kabula, "hii ni mali ya serikali, na vingine havinunuliki. Kitabu kikionekana, barua naandika papo hapo."

"Tunavuka Jumatatu, mwalimu."

"Basi mna siku mbili."

Baba yake alisema, "Haya," akavaa kofia. Njiani Kabula hakulia. Aliniuliza tu, "Ulikiweka upande gani?" Nikajibu, "Upande wa dirisha." Siku zile mbili alirudi shuleni mara tatu kuangalia upande wa dirisha.

Jumatatu walivuka. Walibeba magodoro mawili yaliyokunjwa, cherehani na kuku. Sikwenda kuaga, nilimwambia mama naumwa tumbo, na kufikia Jumatano kweli lilikuwa linauma, hata mapanki nikayakataa. Mama aliketi kitandani kwangu akasema, "Tumbo lisilotaka samaki lina neno. Litoe." Nikalitoa lote. Nilingoja kofi. Alinishika mkono tu, tukapanda kilima, akaniweka mbele ya mwalimu mkuu nirudie mwenyewe, tangu Jumapili mpaka upande wa dirisha.

Mwalimu akachukua kalamu. "Ungesema Ijumaa," akasema. Aliandika barua, akagonga muhuri, na mama akampa mwanamke mmoja aliyekuwa akivuka kupeleka dagaa Sengerema. Hakuna jibu lililorudi. Siku zile watu walivuka maji na habari zao zikavuka nao. Vijana wa leo mtu akikaa saa moja bila kujibu ujumbe wanamzika.

Mwaka uliofuata nilifanya mtihani, nikafaulu, nikasoma, nikawa mwalimu. Ndiyo, mimi ndiye niliyeshika chaki.

Miaka michache iliyopita nilipelekwa kusimamia mtihani wa darasa la saba katika kijiji kimoja ng'ambo. Mama aliyewapikia wasimamizi aliingia na sufuria ya wali, akaitua, akanitazama, akasema, "Nyamizi, umenenepa." Nilimjua kwa sauti.

Siku ya pili, mchana, nikamweleza yote. Nilikuwa nimeyapanga neno kwa neno tangu usichana wangu. Kabula aliendelea kuchambua mchele.

"Barua ilifika," alisema nilipomaliza. "Ilizunguka mikononi mwa watu miezi mingi, ikafika majina ya mtihani yameshapelekwa. Baba akasema ningoje mwaka mwingine. Mwaka mwingine mama akajifungua, nikalea. Uliofuata nilikuwa nimeshazoea."

"Nisamehe, Kabula."

"Ulikuwa mtoto. Bibi yako naye hakujua." Akapuliza pumba. "Mimi nilidhani nilikosea mimi kukupa. Niliwaza hivyo miaka mingi. Minza wangu yuko darasa la nne, anasoma vizuri, lakini nimemkataza kuleta kitabu cha shule nyumbani. Asome hukohuko, akiache hukohuko."

Kwenye mkoba nilikuwa na kitabu cha hadithi, kipya, nilichokinunua mjini kwa ajili ya wanafunzi wangu. Siku ya kuondoka nikampa. "Mpelekee Minza."

Alifuta mikono kwenye kanga, akakipokea, akafunua kurasa mbili tatu bila kusoma. "Kinarudishwa lini?"

"Hakirudishwi. Ni chake."

"Na kikipotea?"

"Kikipotea kimepotea. Hakuna atakayemuuliza."

Alitabasamu kama mtu mzima anayemsikiliza mtoto. "Wewe ni mwalimu, Nyamizi, unajua. Kitabu kina mwenyewe." Akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote, akarudi jikoni kuepua ugali wa wasimamizi.

Nimekiweka sebuleni kwangu Buhongwa, pamoja na vingine ambavyo wanangu wamenunuliwa tangu wadogo. Hawavigusi, vidole vyao viko kwenye simu, na nikiwaambia kwamba sisi tulingoja wiki nzima kusikia ukurasa mmoja wananiuliza kwa nini hatukutazama tu mwisho wake mtandaoni. Mzazi mwenzangu unayesoma haya, kama una mtoto aliyenyamaza ghafla, kaa kitandani kwake umwambie alitoe neno lake, usingoje Jumatano. Enzi zetu tulikuwa na sanduku moja na hamu ya kulimaliza. Leo rafu zimejaa, na ng'ambo ya ziwa kuna mtoto anayesoma vizuri ambaye kengele ya kutoka ikilia hufunga kitabu chake, hukiacha juu ya dawati, na kwenda nyumbani mikono mitupu.