Mshipa Unaoonekana Tu

Mama yangu alimwambia tabibu wa zahanati ya kijijini kwetu, upande wa Mkongo, kwamba mshipa unamsumbua. Akaonyesha shingo. Tabibu hakuinua macho.

"Mshipa? Bibi, huo si ugonjwa wa wanaume? Au siku hizi busha linapanda shingoni?"

Foleni nzima ikacheka. Mama akarudi nyumbani na vidonge vya maumivu, na maumivu hana. Kwetu neno hilo moja ni njia ya damu, ni neva, ni ngiri, ni busha. Yeye alimaanisha kile kilichokuwa kikicheza chini ya sikio lake.

Nilipofika kutoka chuoni nilimkuta miguu imevimba, analala amekaa. Nimesoma fizikia, na tangu zamani siridhiki na jibu la mtu anayecheka. Nikashika mkono wake nikiitazama shingo. Kila pigo moja la mkononi, shingo ilicheza mara mbili. Rufiji inashuka baharini, lakini maji ya bahari yakijaa, msukumo wake hupanda mto kuja bara. Damu ya mishipa mikubwa ya shingoni nayo inashuka kwenda moyoni. Moyo ukielemewa, wimbi hurudi juu.

Kesho yake nilimrudisha zahanati. Nilichagua saa ya foleni ndefu, makusudi.

"Weka kidole hapa," nikamwambia tabibu.

Akaweka. "Sisikii kitu."

"Ndiyo. Ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ungeisikia kidoleni. Huu unairudisha, nao unaonekana tu. Haya, tazama. Hilo nalo ni busha?"

Hakucheka mtu. Akaandika rufaa haraka haraka. "Wahini hospitali ya Kibiti, kijana."

Sikutoka. Nilitaka aombe radhi kwa sauti, mbele ya watu wale wale. Bajaji ya kutupeleka ilikuwa ikipiga honi nje, nami nimeziba mlango.

"Omba radhi kwanza."

Mama akateleza ukutani mpaka sakafuni, pumzi fupi fupi. "Mwanangu, hiki kisasi ni changu au chako? Ninyanyue."

Nikamnyanyua. Hospitalini Kibiti walimpa dawa za moyo na za kupunguza maji mwilini, na sasa anatembea mwenyewe hadi shambani. Huniuliza kama nimemsamehe yule tabibu. Namjibu bado, na ni kweli. Nisichomwambia ni kwamba siku ile, yeye asingesema neno, ningeendelea kungoja radhi.